Nyasi Ulizotandika Penye Ndengu za Mama

Kwako Baba, uliyelala Siakago,

Nakumbuka siku ulipozileta. Lori lilirudi nyuma hadi karibu na mlango, ukashusha mikunjo mitatu ya nyasi za plastiki, kijani kuliko kitu chochote tulichokuwa nacho mwaka ule. Mvua ilikuwa imetukataa misimu miwili. Mama alitoka na mdogo wangu Wanja mgongoni, akazigusa, akauliza, "Baba Igoki, hili ni zulia?" Ukamcheka. Ukamwambia ni kiwanja cha gofu, kidogo, cha kugongea mpira taratibu mpaka uingie shimoni, na kwamba mhandisi mmoja wa bwawani alikuwa akirudi kwao, akakuachia.

Ulikuwa umepoteza kazi ya stoo kule bwawani Kiambere mwezi uliotangulia. Hukutuambia. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilijua, kwa sababu nilikusikia ukilia kwenye bafu la mabati. Miaka tisa ulikuwa caddie, ukiwabebea wakubwa wa pale mifuko yao ya gofu kila Jumamosi. Wakakufundisha kucheza, ukawa unarudi nyumbani ukitembea kama wao. Uliogopa watakusahau. Hilo ningelielewa, Baba. Ningelielewa kama ungechukua uwanja wa mbele, ambao ulikuwa mtupu.

Ulichagua nyuma ya nyumba, penye ndengu za Mama.

Ndizo pekee zilizokuwa zimeinuka kwa majirani wote. Zilikuwa zimeanza kufunga. Mama alisema, "Ningojee wiki tatu tu, nivune." Ulimnyooshea jembe. "Anza wewe. Si ni wewe unajua mistari yako?" Akazing'oa kwa mkono wake, mstari baada ya mstari, na wewe umesimama pembeni na kamba ya kupimia.

Kazi yenyewe uliifanya vizuri, nakiri. Ulichimba kina cha shubiri moja, ukamwaga murram, ule udongo mwekundu wa barabarani, ukaimwagilia na kuishindilia kwa pipa lililojaa mawe. Murram ilitaka maji. Mama na punda walishuka mto Ena mara nne kwa siku, na mtungi wa mwisho ulipomwagwa chini, Kairu alikuwa akilamba ndoo tupu. Kairu, yule ng'ombe ambaye babu alimtembeza kutoka Kianjokoma Wanja alipozaliwa, ili mtoto asikose maziwa. Kisha ukatandaza mchanga uliochekechwa, ukaviringisha nyasi juu yake, ukagundisha maungio kwa gundi ya viatu, ukapigilia misumari ya inchi sita pembeni kote. Shimo ulilitengeneza kwa kopo la mafuta ya kupikia. Mimi ndiye niliyekushikia kamba. Ukaniambia, "Igoki ana jicho la fundi. Huyu ni wangu." Nilifurahi mpaka nikashindwa kula. Katika mambo yote ya wiki ile, hilo ndilo linaloniuma kulikumbuka.

Jumamosi walikuja watatu wa wale wakubwa. Ulikuwa umemchinja jogoo na kuazima viti vya kanisa. Mti wa bendera ulikataa kusimama shimoni, ukaanguka kila upepo ulipovuma, basi ukamwita Mama aushike. Ukamwambia avue viatu asikukwaruzie kiwanja. Saa saba mchana, Baba. Nyasi zile zilikuwa na moto kama bati. Nilimwona akibadilisha miguu, huu juu, huu chini, na wageni wakidhani anacheza.

"Huyu caddie wako ni mzuri sana," mmoja alisema.

"Huyo? Huyo hachoki," ukajibu.

Mpira ukamgonga kwenye kifundo cha mguu. Mkacheka. Alicheka pia, kidogo, kwa adabu.

Kisha Kairu akavunja ua. Alikuja kwenye kona ya mbali, akainamisha kichwa, akaanza kula kijani chako. Mama alimwona kabla yetu. Nyumbani tulizungumza Kimbeere, lakini mbele ya wageni hukutaka kukisikia, akakwambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Baba Igoki, ng'ombe nakula plastiki. Wacha niende."

Hukugeuka hata. "Shika bendera."

"Atakufa."

"Nimesema ushike bendera. Unaniaibisha na ng'ombe?"

Nilianza kukimbia mimi. Ulinitazama mara moja tu, nikasimama. Tukabaki hivyo, Mama na mti wake, mimi na mikono yangu, tukimsikiliza Kairu akinyofoa. Mgeni mmoja akasema hata ng'ombe wa Siakago amejifunza gofu. Ulicheka kuliko wao wote.

Kairu alichukua siku tano kufa. Alivimba upande wa kushoto, akawa analia usiku na mchana. Mchinjaji alipompasua, alitoa donge la kijani kubwa kama kichwa cha mtoto. Mama alikuwa amekaa chini, Wanja akivuta titi lisilokuwa na kitu. Ukaja, ukalitazama lile donge, ukauliza kama kuna kipande kinachoweza kugundishwa tena.

Wale wageni hawakurudi hata siku moja.

Miaka sita baadaye damu ilikupanda kichwani, upande wako wa kulia ukafa na ulimi ukafa nao. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sikuwa na pa kwenda, kwa hiyo siku za soko Mama alikuacha mikononi mwangu. Majirani walinisifu. Walikuona umeketi nje, umefunikwa shuka safi, kwenye kiwanja chako ulichokipenda, wakasema Igoki anajua kumtunza mzazi.

Sisi wawili tunajua. Kila siku ya soko nilikutoa saa tano, nikakuvua soksi, nikakuweka nyayo juu ya plastiki. Mguu wa kulia haukusikia kitu. Wa kushoto ulisikia. Ulikuwa ukiuinua, ukiushusha, na jicho lako likinitafuta. Nilikaa mlangoni nikichambua maharagwe. Nilikuletea maji saa tisa. Siku ya kwanza nilidhani nitaona aibu. Kufikia soko la nne nilikuwa nikiingoja siku hiyo.

Mama alirudi mapema siku moja kwa sababu soko lilikuwa baridi. Alikukuta na lengelenge chini ya kisigino. Alikubeba mwenyewe mpaka kivulini, mwanamke yule mwembamba, akakupaka mafuta, akakunywesha. Nilimwambia, "Mama, ni yeye. Umesahau?"

"Sijasahau kitu," akasema. Alikuwa akikufuta mate. "Nilikaa na mmoja miaka ishirini. Sikujua nilikuwa nimezaa wa pili."

Ulikuwa umesikia. Niliuona mdomo wako ukipinda upande ule mzima, na mpaka leo sijui kama ulilia au ulicheka.

Ulikufa mwezi uliofuata. Kuanzia siku ile ya lengelenge Mama hakuniacha tena peke yangu na Wanja, hata kwa muda wa kuteka maji. Hakunitukana. Alinipakulia chakula kama kawaida. Ila alimchukua mtoto kila alipotoka.

Sasa naishi Meru, chumba cha kupanga Majengo, na nina binti wa miezi mitano. Analia sana usiku. Juzi nilisimama kando ya kitanda chake, mikono imening'inia, muda mrefu kuliko inavyofaa, nikimsikiliza, nikahesabu pumzi zangu badala ya kumwinua. Wiki hiyo hiyo Mama akatokea mlangoni na begi lake. Anasema ni mgongo, anataka kuwa karibu na hospitali. Hajaenda hospitali. Analala na mtoto kifuani, uso wake umeelekea mlango wangu.

Nimemnunulia godoro, Baba. Nimemwambia akae mpaka mtoto ajue kutembea.

Kifungua mimba wako,
Igoki