Pomboo wa Baba Mkwe

Baba,

Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kukusemesha. Miaka tisa nimeolewa na mwanao hapa Mwaya, na mila yenu Wanyakyusa ikanikataza kukutazama usoni wala kukujibu neno. Ukipita, mimi ndani ya migomba! Mwalimu wa misheni, yule aliyenifundisha kuandika, alisema tuiache mila hiyo. Wewe ukakataa, nami nikaona haya.

Lakini masikio sikuziba. Nikifinyanga vyungu nyuma ya ukuta wa mianzi nilisikia yote uliyowasimulia wajukuu: ulivyobeba mizigo ya Wadachi mpaka pwani, ukasimama mchangani ukawaona pomboo, samaki wakubwa wanaoruka kundi zima na kupumua kama mtu aliyepanda mlima. Mdogo wako akacheka mpaka akapaliwa. "Samaki apumue? Kaka, huko pwani walikunywesha nini?" Kijiji kizima kikaanza kukuita Bwana Pomboo, nawe ukaacha kusimulia. Iliniuma, Baba.

Unakumbuka tulivyokutana ufukweni? Mimi na mtungi kichwani, wewe umesimama unatazama ziwa, pa kukimbilia hakuna. Loo! Ukaingia majini na nguo zako mpaka kiunoni, ukanipa mgongo. Nikachuchumaa, nikajifunika uso. Kisha ukaliambia ziwa kwa sauti kubwa, "Kule pwani, anayetaka kuwaona asihangaike na maji. Atafute ndege wanaozunguka pamoja, angoje chini yao." Ziwa gani lilihitaji kuambiwa hayo? Uliniambia mimi. Nilitaka kupiga kelele, "Nakuamini, Baba!" Nikanyamaza. Najuta mpaka leo.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita alikuja fundi wa mashua, mtu wa Kilwa. Mume wangu akamkaribisha chakula, mdogo wako naye yupo. Mimi napakua ndizi jikoni, namsikia mgeni anaeleza habari za kwao: samaki wanaopumua, wanaoruka, na ndege wanaozunguka juu yao. Upawa ukaniponyoka. Nikatoka mbio mpaka katikati ya wanaume, nikasema, "Baba alisema hivyohivyo!" Mume wangu akanikodolea macho. Mdogo wako akaacha kula. Kesho yake asubuhi nilimwona kaburini kwako, amekaa chini, kofia mkononi. Sijui alikuambia nini, sikusogea kusikiliza.

Wajukuu sasa wananiuliza mimi. Nawasimulia kila wanapotaka, ingawa kuigiza ile pumzi siwezi na wananicheka sana. Nakuahidi, nyumbani humu hakuna atakayekuita mwongo nami nikanyamaza tena.

Lala salama, Baba. Ndaga fijo, asante sana, kwa kuingia majini siku ile ili nisiaibike. Nilikuamini tangu siku ya kwanza, ukafa hujui.

Mimi, mke wa mwanao