Jina la Fundi Somoe

Jumatatu, 5 Mei
Dawa saa moja. Uji nusu kikombe. Gari bado limekufa uani. Mwanangu Rajabu amewatangazia watu wote wa hapa Mitwero kwamba fundi Somoe ndiye aliyeliua, maana alilifanyia matengenezo siku moja kabla. Wateja wake wawili wamehama. Mimi namjua aliyeliua. Nimenyamaza.

Jumanne, 6 Mei
Somoe kaja bila kuitwa. Binti wa kutoka Pande, mchache wa maneno.
"Shikamoo, Mwalimu. Nimefuata jina langu."
Kachomeka mashine ya kupimia kwenye gari. Ikaonyesha hitilafu ya kumbukumbu, ndani ya kontroli boksi, ile kompyuta inayoongoza injini. Rajabu akacheka: "Si nilisema! Nunua nyingine, fundi, utulipe." Somoe akapima umeme unaoingia kwenye boksi, kisha waya wa ethi, ule unaofungwa kwenye bodi. Vizima. Akafuta hitilafu, akawasha. Ikarudi.

Alhamisi, 8 Mei
Kafungua boksi mezani pangu. Kaisoma chipu ya kumbukumbu mara tatu. Majibu matatu tofauti. Mimi ningeihukumu chipu palepale. Yeye alishuku kwanza kifaa chake. Akaenda kusoma boksi la gari jingine lisilo na tatizo: mara tatu, jibu moja. Ndipo akasema chipu imekufa. Miaka thelathini nimefundisha fizikia. Subira ile sikuwahi kuiona darasani. Wala mimi sikuwa nayo.
"Hii imepigwa umeme kinyume," akasema, akanipa lenzi. Sikutazama.

Ijumaa, 9 Mei
Pumzi fupi tangu alfajiri. Nisife na hili.
Baada ya sala nilimtuma Rajabu awalete wenzake wa barazani, na Somoe. Nikasema. Betri ilikwisha, nikaazima ya jirani, nikaunga chanya kwenye hasi. Mimi, mwalimu wa umeme. Niliona haya, nikamwacha binti wa watu aubebe mzigo. Nikamwomba radhi mbele yao.
"Nilijua tangu Jumanne, Mwalimu. Vichwa vya betri vimeungua."
Nikamuuliza mbona hakusema.
"Wangesema namsingizia mgonjwa. Nimekusamehe."
Rajabu alitazama chini.

Jumapili, 11 Mei
Somoe kaweka chipu mpya. Akaiandikia nakala ya kumbukumbu ya gari aliyoihifadhi siku ile ya matengenezo. Anahifadhi ya kila gari, kumbe. Gari likawaka mara moja. Jioni Rajabu kampelekea gari la shemeji yake, na barazani kapita kwanza kusema anakolipeleka.
Kabla ya kuondoka hapa, Somoe alipaka kichwa cha chanya cha betri rangi nyekundu, nzito kama kucha za bibi harusi. "Hii hata wewe utaiona, babu."
Boneti iko wazi. Naiona rangi ile kutoka kitandani.