Mjukuu, Tairi na Mshale Usiorudi Sifuri

Mpendwa Shangazi wa gazetini, naomba msaada wako, lakini kwanza shikamoo, maana umri wako siujui na sitaki kukosa adabu. Sisi hapa nyumbani hatujambo kwa kiasi: mama mkwe wangu hajambo, ni magoti tu, na anakusalimu sana kwa sababu kila akisomewa ukurasa wako husema "huyu mwanamke ana mdomo", kitinda mimba wangu hajambo, meno ya mbele yameng'oka yote, binti yangu mkubwa yuko hospitali, naye hajambo, amejifungua salama mtoto wa kiume, Mungu ashukuriwe, mume wake, yaani mkwe wetu, hajambo, ila miguu yake haikanyagi tena kwetu, nitakueleza, na baba watoto, ambaye mtaa mzima unamwita Mzee Breki, mwili hajambo, ila amenuna hata chai anainywa ameugeukia ukuta.

Shangazi, shule niliiacha mapema, nivumilie nikichanganya. Mzee Breki ameendesha malori maisha yake yote, na alipostaafu bosi wake alimpa zawadi ya kipima upepo cha matairi, cha chuma, kizito, kina uso wa duara kama saa na mshale mwekundu, na tangu siku hiyo kipimo hicho kinalala kabatini juu ya shati lake la harusi, mtu haruhusiwi kukigusa, hata vumbi anafuta mwenyewe. Sasa tuna gari letu dogo, ndilo linalotulisha kwa kubeba watu na mizigo yao, na kila jioni akirudi, kabla hajavua viatu, anapima matairi yakiwa bado ya moto, akiona upepo umezidi anaupunguza, pssss, anasema, "Mama watoto, tairi nalo huchoka, liache lipumue." Mimi nikaona ni huruma hiyo, nikamsifu mpaka kwa majirani, kumbe!

Juzi tunatoka sokoni, mimi nimekaa mbele nimepakata trei ya mayai, mara PAA! Nilijua tumepigwa risasi. Gari likayumba huku na huku, likapanda ukingo wa barabara, likaja kusimama mbele ya duka la vioo, na mayai yote yako mapajani mwangu yanachuruzika, nami nimejishika tumbo nikidhani ni mimi niliyepasuka. Tairi la nyuma limebaki matambara. Watu wakajaa, na baba watoto badala ya kuniuliza kama ni mzima akachomoa kipimo chake chini ya kiti, maana safarini hakiachi nyumbani, akapima yale mengine akiwatangazia watu, "Thelathini na tano! Hili nalo thelathini na tano! Na hili! Upepo wangu hauna kasoro, waliotengeneza tairi ndio waongo!" Halafu akasimama nacho mkononi, hakigusi kitu, nikakitazama, na mshale umetulia kwenye kumi. Nikamuuliza, "Baba watoto, mbona hakijashika tairi nacho kinasema kumi?" Akanijibu bila hata kunitazama, "Kimezoea kazi." Shangazi, kinapima nini hewani?

Jioni hiyo mkwe wetu, ambaye ni dereva wa kusambaza mikate na ni kijana mpole, akaja na kipimo kidogo cha betri kinachowaka namba, akamkabidhi baba mkwe wake kwa mikono miwili, "Baba, nimekuletea kizawadi." Wakapima tairi moja, cha mkwe kikasema ishirini na nne, cha baba thelathini na tano, akaitwa fundi wa pancha wa pale kona, chake kikasema ishirini na sita. Nyumba ikawaka moto. Mzee akafoka, "Nimekupa binti, sijakupa na usukani!" Mkwe akainama, akasema taratibu, "Sawa, baba. Lakini mwanangu hapandi gari hili." Hapo Mzee Breki akaapa mbele ya mama yake mzazi kwamba mjukuu akiletwa na gari jingine, yeye hatamshika. Mkwe akaaga, na tangu hapo hajakanyaga kwetu.

Binti yangu anaruhusiwa Jumamosi. Nikikubali mtoto apande, roho yangu iko mkononi, na nikimzuia, nimeivunja nyumba. Vipimo vitatu, majibu matatu, kipi kinasema kweli? Na mtu asiyejua kama mimi, akiingia dukani anachaguaje? Tafadhali Shangazi, nijibu upesi, usiniweke kwenye foleni ya wanaolalamikia mawifi, Jumamosi haingoji mtu.

Ni mimi, bibi ambaye mjukuu wake bado hajafika nyumbani.

*

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, bibi mpya, na hongera. Nilikuwa na kikombe mkononi nilipofika kwenye "kimezoea kazi", ikabidi nikiweke chini. Mnabeba watoto wa watu kwa kipimo kinachosoma upepo wa barazani!

Toa kumi ya uongo kwenye thelathini na tano ya baba watoto, unabaki na ishirini na tano. Sasa angalia cha mkwe na cha fundi: vinakaa mtaa huo huo. Kilichopotea njia ni cha mzee peke yake. Na wewe, mama, ulisifia nini? Tairi halichoki kama mume. Likitoka safari upepo wake una joto, umetanuka, mshale unapanda. Yeye anaupunguza jioni, usiku unapoa, asubuhi tairi linaamka na njaa. Tairi lenye njaa likibebeshwa mzigo hujikunja, hupata moto, hupasuka. Mayai yako yamekufa kwa ajili hiyo. Matairi pimeni asubuhi, kabla gari halijatembea. Namba ya kujaza isomeni kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, siyo ile ya ubavuni mwa tairi. Hiyo ni kikomo.

Dukani usidanganywe na kinachowaka. Kikiwa mkononi, kisome sifuri kamili. Kiwekeni kwenye tairi moja mara tatu. Kikibadilisha maneno, kirudisheni kwa mwenyewe. Cha lori kina namba nyingi mno, za gari dogo zimebanwa kwenye kipembe. Nunueni ambacho namba yenu inaangukia karibu na katikati. Kisha kilinganisheni na cha karakana ambayo vipimo vyake hukaguliwa. Hata kile cha mkwe kipitie mtihani huo huo, upole wa mtu si cheti. Na kikianguka sakafuni, kipimeni upya. Hayo matairi matatu yaliyobaki yakaguliwe na fundi ndani na nje, yametembea na njaa muda mrefu.

Sasa mume. Mtu mzima haonywi hadharani, na mkwe wako alikosea hapo, japo mikono ilikuwa miwili. Leo, mkiwa wawili chumbani, muulize: "Baba watoto, mjukuu wako unamleta kwa kipimo gani?" Kisha nyamaza. Kunyamaza hasa, mama, siyo kunyamaza kwako kwa kuguna. Aende dukani mwenyewe, achague mwenyewe, yeye ndiye dereva. Jumamosi asubuhi mkwe afungue tu vile vifuniko vya kujazia upepo, mzee asome namba kwa sauti, wewe usikie. Kile cha zamani kirudi kabatini, juu ya shati la harusi. Hata shati lenyewe halivaliwi kazini, na hakuna anayelidharau.

Akikataa, mtoto anakuja na gari jingine na wewe umekaa pembeni yake. Hakuna mjadala. Kiapo chake mwachie. Sijaona babu aliyeshindana na mtoto mchanga anayepiga miayo akashinda.

Nijulishe upesi. Nataka kujua mtoto amefanana na nani, na nani alikuwa kwenye usukani.