Uongo wa Mama Aliyesema Ameshakula

Mama yangu,

Leo nimekukumbuka nikacheka peke yangu, mpaka jirani akachungulia. Nilikuwa nawaza uongo wako.

Wewe uliyenichapa kwa kuficha kwamba nimelamba sukari, ulikaa miezi miwili katika nyumba ya wazee kule Batsinda ukimdanganya binti wa watu kila mchana! Ulikuwa umevunjika nyonga, mimi nashinda ofisini Kacyiru, na nyumba yetu ya Gitega ina ngazi za kumtoa jasho hata mzima. Nilikupeleka huku nimeinamisha uso, maana watu walisema nimemtupa mama. Wewe ndiye uliyenituliza.

Walezi walikuwa wawili tu, na wazee walijaa vyumba vinne. Mmoja akiwa anaogesha, yule binti, Vestine, alibaki na chakula cha wote, asijue mwenzake ameshamlisha nani. Alisimama mlangoni, akakuita bibi kwa lugha ya kwetu, akauliza, "Mukecuru, umekula?" Nawe, uliyelelewa kwamba mtu mwenye adabu hakiri njaa mbele ya watu, ulijibu umeshakula, Mungu ambariki. Akaandika kwenye daftari, akakimbilia chumba cha pili. Kwa daftari lile, hakuna mzee aliyekula vizuri kama wewe.

Nilikuja kugundua siku ya Idi. Gauni ulilojishonea mwenyewe lilikupwaya kama la kuazima. Nilipandwa na hasira, nikainuka nikamtafute Vestine, ukanishika mkono.

"Usimugombeze huyu mutoto," ulisema. "Iko peke yake, sisi tuko wengi. Nikimuambia niko na njaa, nani atamugeuza huyu mwenzangu?"

Mwenzako wa kitanda cha pili hakuweza hata kujigeuza. Nilikaa chini, nikaona aibu.

Nilimweleza Vestine taratibu, nikidhani atajitetea. Alilia. Tangu kesho yake hakuuliza tena. Alikuja na sahani mbili za ndizi na maharage, akaketi kitandani kwako, akaanza kula ya kwake. Wewe usiyeweza kumwacha mgeni ale peke yake ungefanya nini? Ulikula. Mimi nami nikawa napanda pikipiki saa ya chakula kuja kumgeuza mwenzako, na familia nyingine zikaanza kuja kwa zamu. Baada ya muda ulinenepa, ukaanza kulalamikia chumvi, nikajua umepona.

Ulituacha mwaka uliofuata, mchana mtulivu, ukiwa umeshiba. Hilo linanipa raha mpaka leo.

Sina kinyongo, ila nakereka kidogo nikisikia watu wakisifu moyo wa walezi. Moyo wanao. Lakini moyo haumgeuzi mgonjwa, mikono ndiyo inayomgeuza. Nyumba ile imetafuta mlezi wa tatu muda mrefu. Kila anayekuja huona kazi ilivyo, akaaga.

Basi mama, nimeacha kazi ya Kacyiru. Usishtuke. Najua ulisema sina subira hata ya kulisha kuku, na wewe kuku wangu uliwaona walivyokonda. Nimejifunza. Nimemaliza mafunzo ya kuhudumia wazee, na Vestine mwenyewe ndiye aliyenijaribu: nimeogesha, nimelisha, nimegeuza, akaniambia nafaa.

Pumzika, mama. Kuanzia Jumatatu tutakuwa watatu.

Ni mimi,
binti yako wa mwisho