Nyundo Namba Kumi na Saba

Tarehe 2 Juni

Mjukuu wangu,

Kosa la wengi wanaotumwa kukagua kampuni ya mbao ni kukagua mbao. Nimelitanguliza kabla ya salamu kwa sababu unasafiri Jumatatu, na nakujua: barua ndefu unasoma mwanzo tu. Sasa salamu. Mimi mzima, ila goti linanuna likitaka. Bibi yako mzima pia, na anauliza ni mke mwenza gani huyu asiyepiga hata simu.

Umeuliza benki itajuaje kama kampuni inavuna kwa halali kabla ya kuikopesha. Gogo huhamishwa, na karatasi huandikwa upya kwa dakika kumi. Kisiki hubaki pale pale. Mti ukiruhusiwa kukatwa, ofisa misitu huupiga nyundo ya serikali mara mbili: juu, kwenye shina litakaloondoka, na chini kabisa, kwenye sehemu itakayobaki ardhini. Kila nyundo ina namba yake, na kila namba ina mtu wake. Yangu ilikuwa kumi na saba, kwa miaka ishirini na minne, mpaka nilipostaafu.

Kwa hiyo wakikuonyesha magogo, wewe omba visiki. Na njia uchague mwenyewe.

Babu yako


Tarehe 11 Juni

Shikamoo Babu,

Natumaini goti limeacha kununa. Mimi sijambo, ila miguu imejaa malengelenge.

Mkurugenzi alinipokea kwa chai na mafaili yaliyopangwa kama sare za shule. Nilipotaja visiki akacheka: "Dada, visiki haviombi mkopo!" Nikamwambia ndiyo maana naviamini. Akamwita msimamizi wa wakataji, mzee mmoja anayevaa koti jua kali hivi hivi, wenzake humwita Bwana Koti, anipeleke.

Nilichagua njia mwenyewe. Nilihesabu visiki arobaini, nikapima kila kimoja kwa tepu mpya ya benki (nzuri sana, nimekuja nayo nyumbani napimia mapazia). Vyote vimekatwa mwaka huu. Vyote vina alama, na zote nimezipiga picha.

Babu, alama yenyewe ni kumi na saba.

Umestaafu miaka sita sasa. Nilimuuliza Bwana Koti nani aliyegonga. Akatazama viatu vyake, akasema, "Sisi tunaikuta imeshagongwa, mwanangu."

Ripoti natakiwa kuitoa tarehe 30. Nyundo yako iko wapi?

Mjukuu wako


Tarehe 20 Juni

Shikamoo Babu,

Hujajibu. Bibi amepiga simu, anasema umehamishia stoo nzima uani na huongei na mtu. Nisipopata neno lako nitaandika nilichokiona, namba yako ikiwemo. Nakuomba usinifanye niandike hivyo bila kukusikia.

Mjukuu wako


Tarehe 22 Juni

Mjukuu wangu,

Marahaba, marahaba mara mbili. Nisamehe. Nilikuwa nimeshikwa na aibu, na mtu mwenye aibu kalamu humwia nzito.

Siku ya kustaafu nilitia saini daftari la makabidhiano asubuhi, kwamba nyundo nimeirudisha. Kisha zikaja hotuba, picha, na kupeana mikono. Nyundo ikabaki ndani ya mkoba, mkoba ukaja nyumbani, nami nikasahau. Miaka yote niliyofundisha vijana "kabidhi kwanza, saini baadaye", nikafanya kinyume siku ya mwisho!

Nimepekua stoo siku tisa. Jana nimeingia jikoni kutafuta maji, nikasikia ko, ko, ko. Bibi yako anaponda nyama. Nikamwuliza, "Mama, hiyo nini?" Akasema, "Nyundo yangu ya nyama, unataka nini nayo?" Nikaigeuza. Kumi na saba! Mchuzi wote uliokula hapa tangu nistaafu umepitia mikononi mwa serikali.

Basi kama ya kweli iko jikoni, iliyo msituni ni ya kughushi. Kwenye kizuizi cha barabarani, magogo yanapokaguliwa, waliizoea namba yangu, wakaona kumi na saba wakafungua njia. Ningeikabidhi mkononi, namba ingefutwa na kizuizi kingejulishwa; uzembe wangu ndio uliowaachia nafasi. Nimeigonga kwenye kipande cha ubao, nimekifunga humu. Tazama mkia wa saba: una pengo, nililipata kwenye jiwe mwaka wangu wa pili. Linganisha na picha zako. Kesho naipeleka nyundo ofisi ya misitu mwenyewe, na maelezo ya maandishi. Nawe andika kila kitu, mimi nikiwemo.

Babu yako


Tarehe 3 Julai

Shikamoo Babu yangu,

Saba za msituni hazina pengo hata moja!

Nimeandika yote, hata kwamba mwenye namba ni babu yangu. Mkuu wangu wa kazi alisoma, akavua miwani, akauliza, "Na nyama ilikuwa laini?" Kisha akamtuma mwenzangu asiye na undugu na mtu yeyote arudie hesabu. Imetoka vile vile. Mkopo umekataliwa, na watu wa misitu wameikuta nyundo ya bandia kwenye stoo ya mkurugenzi, ndani ya ndoo ya misumari.

Bwana Koti na wakataji wake wamechukuliwa na kampuni ya ng'ambo ya mto, nayo imeomba mkopo. Nakwenda Alhamisi. Amenitumia ujumbe kwamba visiki ameshavifagia, nije tu.

Na wewe, ofisini walikupokeaje? Mapazia yametoka sawasawa, ahsante kwa tepu ya benki.

Mjukuu wako


Tarehe 9 Julai

Mjukuu wangu,

Sote wazima. Walinikaripia kwa adabu, wakanipa stakabadhi, kisha wakaniomba nikafundishe vijana wao namna ya kukabidhi vifaa. Nimekubali. Bibi yako amenuna, nimemnunulia nyundo ya nyama ya dukani, anasema haina uzito.

Nimefurahi sana kwa kazi yako. Neno moja tu, nawe soma mpaka mwisho: ile tepu irudishe benki leo.

Babu yako