Afya Yangu Si Mali ya Ukoo

Jumapili jioni, Migori.

Mvua ilitukuta Rongo tukitoka Homa Bay, ikatufuata mpaka mlangoni, na bado haijachoka. Owuor, mume wangu, yuko chumbani na mlango ameufunga. Mimi niko jikoni na simu yangu. Naandika na hasira, kwa hivyo ukiona makosa uyapite tu.

Imebaki wiki moja nistaafu. Nilidhani hii itakuwa wiki ya kunyoosha miguu na kuchekacheka bila sababu. Badala yake leo nimegundua kwamba nilikuwa nimeshapangiwa kazi nyingine, na mimi ndiye mtu wa mwisho kuambiwa.

Kwa wasionijua: mimi ni muuguzi katika hospitali moja ya serikali hapa, na nimeifanya kazi hii tangu nikiwa msichana wa kusuka nywele kwa uzi. Nina miaka hamsini na tatu. Ningeweza kuendelea hadi sitini. Sitaki.

Aliyenifanya nisitake ni Sista Robi, ambaye alikuwa mkubwa wangu wodini. Huyo mama wa Ntimaru alikuwa akitembea kama mtu anayefukuzwa. Kila mara alituambia kwamba akistaafu ataenda Musoma kwa dada yake aliyeolewa huko, akae mwezi mzima, ale samaki, apige domo, asitazame saa. Akafika sitini. Tulimkatia keki na kumnunulia kiti kizuri cha kuegemea. Mwaka jana nilienda kumwona. Mgongo uliokuwa ukiinua wagonjwa umegoma, miguu imevimba, na kutoka kitandani hadi barazani ni safari ya kupangwa. Mpaka wa Tanzania ni mwendo mfupi tu wa bodaboda kutoka kwake. Musoma hajaiona.

Nilimkuta amekalia kile kiti. Alikipapasa pa kuegemea mkono akaniambia, "Rose, hiki kiti mlinunua kizuri sana."

Sikuweza kumaliza chai aliyonipa.

Ndiyo nikaanza kufikiria kitu ambacho wanawake wa rika langu hatukifikirii kwa sauti. Nikafikiria mimi nataka nini. Nilizaliwa Karachuonyo, ziwa liko chini ya boma letu, na mpaka leo sijui kuogelea, kwa sababu wavulana walikuwa wakiogelea sisi tukisugua sufuria ufuoni. Nataka kujifunza. Nimeolewa Magunga, jirani kabisa na mbuga ya Ruma, na wale twiga nawaona kwa picha za watu wa Nairobi. Nataka kupita lile lango nikiwa mgeni, na kofia kichwani. Nataka kwenda Musoma, niende hata kwa niaba ya Robi. Halafu nataka kulala mpaka jua linichome usoni.

Ni hayo tu. Sikuomba dunia.

Mtu wa kwanza kumwambia alikuwa Owuor. Ilikuwa Krismasi, tuko nyumbani Magunga, tumekaa nje nikichambua maharagwe yeye akiniangalia nikichambua. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nilijua ataniambia habari ya mshahara, habari ya watoto, habari ya watu watasema nini. Hakusema hata moja. Aliniambia, "Fanya hivyo, Mama Steve. Umechoka. Pumzika ungali na nguvu."

Nililia, jamani. Nililia mpaka maharagwe nikayaacha. Tangu siku hiyo nimetembea Migori hii nikimsifu mume wangu sokoni, kanisani, wodini. Wenzangu wakilalamika kuhusu waume wao, mimi nanyamaza kwa majivuno.

Sasa nieleze ya leo.

Mama mkwe wangu alianguka Novemba, akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji lakini hajarudi kutembea. Tulimwandika msichana wa kumtunza kule Magunga, na alikuwa msichana mzuri, mpaka aliposikia kwamba Masara, huko wanakochimba dhahabu, ukiwapikia wachimbaji chapati na maharagwe unapata mara tatu. Akaenda. Simlaumu. Baada ya hapo Mama akapelekwa Homa Bay mjini kwa mwanawe mkubwa, tunayemwita Baba Brenda, na leo Baba Brenda alituita tuzungumze.

Tulikula kwanza. Mama Brenda, mke wake, alikuwa amepika samaki na kuku, chakula cha wageni wanaotakiwa kukubali kitu. Kisha Baba Brenda akasimama kuomba. Akashukuru mvua, akashukuru safari, halafu akasema, "Na tunakushukuru Bwana kwa ajili ya Mama Steve, ambaye ameacha kazi ili amtunze mama yetu."

Nilifumbua macho. Nilidhani amekosea. Nikamwangalia Owuor, nikingoja aseme amina amalize, amrekebishe kaka yake.

Owuor alisema amina. Kisha akaendelea kuchambua mwiba kwenye samaki.

Mama Brenda, ambaye sidhani alikuwa na nia mbaya, akanishika bega. "Owuor alipotupigia simu siku ile ya Krismasi kutueleza, nilimwambia Baba Brenda, huyu ni mke kweli."

Siku ile ya Krismasi. Machozi yangu hata hayajakauka kwenye leso, mume wangu ameshawapigia simu.

Wakaanza kunieleza mipango yangu. Tangi la maji limenunuliwa. Chumba cha nyuma kule Magunga kimepakwa rangi. Hicho chumba nilimwona fundi akikipaka mwezi wa nne, nikauliza, na Owuor akaniambia anatutengenezea mahali pa kupumzikia. Kumbe ni mahali pa kitanda changu kando ya kitanda cha Mama. Nilikuwa nitoke wodini Ijumaa, nianze kazi Magunga Jumapili. Hata Robi alipewa kiti.

"Na uzuri wake," Baba Brenda akasema, "wewe ni kama daktari. Na bado una nguvu."

Bado una nguvu.

Hayo maneno yaliniingia kama sindano butu. Ningengoja mpaka sitini, magoti yakafa, mgongo ukafa, hakuna mtu angenitaka. Wangeninunulia kiti waniache. Kosa langu ni kuiokoa afya mapema, ikaonekana. Kila mtu aliyeiona aliona ni kitu cha matumizi.

Nikaweka kijiko chini.

"Baba Brenda, sijaacha kazi ili nimtunze Mama. Nimeacha kazi ili nijitunze."

Baba Brenda akaacha kutafuna.

Nikaendelea, kwa sababu nikinyamaza sitaanza tena. Nikasema yule aliyestaafu katika ukoo huu ni Owuor. Ni mwaka wa pili sasa tangu aache ualimu. Ana afya, kila asubuhi anatembea hadi stendi kusoma gazeti la watu na kurudi. Alipostaafu mlichinja mbuzi ili apumzike, na amepumzika vizuri. Kuanguka kwa Mama kumemkuta akiwa amekaa. Mbona hakuna aliyemwombea yeye shukrani?

"Mwanamume hawezi kumwogesha mama yake," Baba Brenda akasema. "Sisi Waluo hatuna hiyo, na wewe unajua."

"Najua. Sijasema amwogeshe. Tumwandike mama mtu mzima wa kumwogesha na kumvisha, nami nitachangia kama ninyi. Nitakuja kumpima, nitakuja kumwona, kama ninyi. Lakini uji, dawa, kukaa naye mchana kutwa, hayo yanahitaji sketi?"

Mama Brenda aliinamisha uso kwenye sahani. Nadhani alikuwa anaficha kicheko, lakini labda najifurahisha. Mume wangu, ambaye alifundisha watoto wa watu insha na mijadala, alikuwa akitafuta mwiba mwingine.

Ndipo sauti ikatoka chumba cha ndani. Mama. Kuta za nyumba ile ni nyembamba, alikuwa amesikia yote.

Niliingia peke yangu. Amelala ubavu, amekuwa mdogo sana. Yeye haniiti Rose wala Mama Steve. Huniita Nyar Karachuonyo, binti wa kwetu Karachuonyo, kama alivyoniita siku niliyoletwa.

"Nyar Karachuonyo, umewakatalia?"

"Nimewakatalia, Mama."

Alijifuta uso kwa shuka. Nilidhani analia.

"Mimi mama mkwe wangu nilimlisha na kumwosha miaka na miaka. Alikuwa kipofu. Alikuwa akinitemea chakula." Akavuta pumzi. "Sikujua mtu anaweza kukataa."

Kisha akageuza uso ukutani.

Mpaka sasa sijui alikuwa ananilaani au ananiambia nini. Nilimfunika miguu, na nilipokuwa nikifunika nikaona kisigino cha kushoto kimeanza kuwa chekundu, ule wekundu wa kidonda cha kulala. Kabla sijaamua chochote mikono ilikuwa imeshaanza. Nikamgeuza, nikaweka mto chini ya mguu ili kisigino kisiguse godoro, nikamwita Mama Brenda nikamwonyesha jinsi ya kumgeuza. Naichukia mikono yangu kwa hilo. Hapana, siichukii. Sijui.

Simchukii Mama. Niandike hilo hapa ili lionekane. Angekuwa ameniomba yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, labda leo ningekuwa naandika kitu kingine. Lakini hata yeye hakuna aliyemwuliza anataka kutunzwa na nani. Tulipangwa wote wawili, kama vitanda.

Njiani Owuor alizungumza tulipopita Rongo, mvua ilipoanza na hakuna mahali pa kuangalia isipokuwa mbele.

"Umeniaibisha mbele ya kaka yangu."

Nilimwuliza kitu kimoja tu. "Siku ile uliponiambia nipumzike, ulimaanisha nini?"

Alifikiria. Naapa alifikiria kwa dhati. "Nilimaanisha upumzike na kazi ya serikali."

Wala hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Angekuwa amenidanganya, ningejua la kufanya. Lakini huyu mwanamume hakuona kwamba amenidanganya. Akilini mwake kuna kazi ya serikali na kuna kupumzika, na kumwogesha mama yake, kumpikia, kumgeuza usiku na mchana, kote huko kunaanguka upande wa kupumzika, mradi anayefanya ni mimi.

Tumeishi pamoja miaka mingapi? Nimezaa naye watoto watatu. Na mimi nilimsifu sokoni.

Habari zimeshafika Nairobi. Mwanangu Steve ameniandikia kwa simu: Mum, si ungekubali tu hata mwaka moja? Steve niliyemlea nikitoka shifti ya usiku, macho yamejaa mchanga, nikimpikia uji wa shule kabla ya kulala. Sijamjibu. Mwaka moja. Nimeona wodini mwaka mmoja unachoweza kumfanya mtu. Watu wameingia kwa miguu mwezi wa kwanza na mwezi wa pili nimewafunga taya wakiwa maiti.

Kesho nitasemwa Magunga, najua. Watasema Rose wa mjini ameringa, ameacha mama wa watu aoze. Kanisani kuna watakaonisalimia kwa ncha za vidole. Na kama shemeji yangu atasoma hapa, kwa sababu najua binti yake husoma: Baba Brenda, sifuti neno. Jumapili ijayo nitakuja kukitazama kile kisigino. Nitakitazama, nitakunywa chai, nitarudi kwangu.

Naogopa? Ndiyo, naogopa. Naogopa kwamba nitaingia Ruma na kofia yangu nione twiga na nisifurahi hata kidogo. Naogopa wamenichafulia hayo yote. Lakini afadhali nisifurahi nikiwa nimesimama kwa miguu yangu.

Jioni hii Baba Brenda amepiga simu, akaongea na Owuor tu. Simu ya Owuor inapaza sauti, nimesikia yote. Mama anarudishwa Magunga Jumanne, jirani mmoja mjane ataandikwa wa kumwogesha, na Owuor ndiye atakaa naye. Alijibu "sawa" mara nyingi kwa sauti ya mtu anayesomewa hukumu. Kisha akaingia chumbani, nikasikia anatoa begi juu ya kabati.

Nilipofika hapa nikiandika, amefungua mlango. Amesimama pale kwenye fremu, shati la kanisani bado analo, hanitazami usoni. Nimengoja. Nilidhani ataomba msamaha, na nilikuwa sijui kama nitaupokea.

"Uji wa Mama," amesema, "huwa unapikwaje?"

Nimeinua macho kwenye simu.

"Mwulize mwenyewe," nimemwambia. "Bado yuko hai."