Mapacha wa Kondo Moja

Mtaa wa Wafuma Hariri,
Margilan.
19 Novemba 2016

Mpendwa mama mdogo Hurmatoy,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kazan, na goti limepunguza maumivu. Mama mkwe akisikia habari za baridi ya huko husema, "Maskini Hurmatoy, ataganda." Sisi hatujambo. Ilhomjon anakwenda kazini, mimi mkewe nakula na kulala, mtoto ananyonya. Mama mkwe mgongo unamsumbua, lakini mkate bado anaoka mwenyewe.

Nisamehe kwa siku ile ya simu. Uliniuliza ilikuwaje, nikampa Ilhomjon simu. Sikuwa nimekasirika, nilikosa tu la kusema. Hata sasa sina machozi, basi usishtuke ukiona nakuandikia haya kama mtu anayeeleza habari za jirani.

Tulipoambiwa ni mapacha wa kike, mama mkwe alipika palov, wali wetu wa nyama na karoti, mtaa mzima ukala. Kwenye kipimo kilichofuata, Daktari Mavluda wa hospitali ya uzazi alikizungusha tena na tena kile kidude cha kupimia juu ya tumbo langu. Kisha akasema mmoja anakua vizuri, mwenzake amebaki nyuma.

"Anaumwa?" nikamuuliza.

"Haumwi. Hapati chakula cha kutosha. Wote wawili wana kondo moja."

Mimi kondo nililijua kama kitu kinachomfuata mtoto kikaenda kufukiwa. Wewe unajua kwetu tunaliita mwenzi wa njia, na hapo ndipo elimu yangu ilipoishia. Daktari akavuta kiti. Alisema kondo hujishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba na kuota vijinyuzi vingi kama mizizi, na mizizi hiyo huogelea ndani ya damu ya mama. Lakini damu ya mama na ya mtoto hazichanganyiki. Katikati pana utando mwembamba sana. Hewa na chakula hupita hapo kwenda kwa mtoto, na uchafu wake hurudi kwa mama, mama akautoa. Hata kinga ya maradhi hupitia hapo hapo.

"Ndilo mapafu yake, ndilo tumbo lake, ndilo figo zake," alisema, "mpaka atakapoanza kutumia vyake."

Mapacha wengi kila mmoja huwa na lake. Wangu walishirikiana, na hawakugawana sawa. Kitovu cha mkubwa kilishika katikati, penye mishipa minene. Cha mdogo kilishika ukingoni kabisa.

"Sasa nile nini ili kimfikie?"

"Hata ukila kondoo mzima, binti yangu, njia yake ni ile ile."

Nadhani nilicheka. Sikumbuki vizuri.

Mwezi wa saba wa mimba mdogo aliacha kucheza. Daktari alipima, akarudia kupima, akanishika mkono. Nikamuuliza watamtoa lini. Akasema hawamtoi. Mwenzake yu hai, bado ni mchanga mno, na kondo linamlisha. Wakianza kutoa sasa, huenda tukawakosa wote. Alikuwa na hofu nyingine pia, kwa sababu mishipa ya watoto wale ilikutana juu ya kondo, na kufa kwa mmoja kungeweza kumdhuru mwingine. Wakampima aliye hai mara kwa mara. Hakudhurika.

Basi nikarudi nyumbani na wote wawili. Nikawa nakata karoti, nakunja magodoro, na watu wananiambia, "Hongera, tumbo limekua!" nami najibu ahsante. Ilhomjon alianza kuweka mkono upande mmoja tu wa tumbo.

Mama mkwe hakuyaamini maneno ya daktari. "Ulibeba ndoo za maji, nilikukataza. Ukaenda msibani na mimba, nilikukataza pia!" Sikuwa na nguvu hata ya kujitetea.

Walizaliwa kwa upasuaji, mwezi wa Septemba. Kwetu, kama ujuavyo, pacha wa kike wa kwanza huitwa Fotima na wa pili Zuhra; aliyekufa alitolewa kwanza, kwa hiyo ndiye Fotima. Aliyemfuata akalia, ndiye Zuhra. Imamu alitaka jina la kumzikia, na Ilhomjon akampa hilo la Fotima.

Niliomba kuliona kondo. Mkunga alishangaa, lakini Daktari Mavluda akalileta kwenye beseni, mama mkwe akiwa pembeni ya kitanda. Upande ulioshika kwangu ulikuwa mwekundu wa kuiva, wa mafungu mafungu kama ini. Upande wa watoto ulikuwa laini, unang'aa, mishipa imetambaa kila mahali. Kitovu kimoja kinene, kimesokotwa. Kingine kama kamba ya kiatu, kule ukingoni palipopauka.

Mama mkwe alikitazama sana kile chembamba. "Ndicho hiki tu alichopewa?"

"Ndicho hiki, mama."

Tangu hapo hakunitajia ndoo tena. Kondo aliliomba, akalifukia kwa mikono yake chini ya mkomamanga.

Siku ya arobaini majirani walikuja. Salomat, yule wa nyumba ya kona, akambana Zuhra mashavu. "Wallahi mashavu haya! Mlafi huyu, kamla dada yake tumboni!" Wawili watatu wakacheka. Nilisikia, nikaendelea kumimina chai.

Mama mkwe akaweka bakuli lake chini. "Salomat, inuka."

"Jamani, si natania tu!"

"Inuka. Mjukuu wangu hajamla mtu. Walitandikiwa chakula kimoja, mmoja akakalishwa karibu na sinia, mwenzake akakalishwa mlangoni. Hawakujichagulia. Na neno hilo mtoto huyu asilisikie, wala leo wala akiwa bibi kizee."

Salomat akavaa viatu vyake. Nilitamani kulia kwa ajili ya mama mkwe, lakini kilio hakikuja. Nikammiminia chai yeye kwanza.

Ilhomjon ameniambia ushauri wako, tumbadilishe mtoto jina, maana kila asikiaye Zuhra ataulizia Fotima. Ni kweli wanauliza. Juzi kwenye chanjo muuguzi alisema, "Na pacha wake?" Nikasema, "Alikufa." Akanipa pole, akamchoma mtoto sindano. Jina hatulibadilishi, mama mdogo. Wasipouliza wao, hakuna mwingine atakayemtaja.

Kifurushi chako kilifika. Najua ulikituma kabla hujasikia. Vile vikoti viwili vya pamba ni vizuri sana. Mama mkwe alitaka kimoja kiwekwe sandukuni. Jana cha Zuhra kilikuwa kibichi kwenye kamba, nikamvalisha cha Fotima. Kilimtosha.

Nisalimie mjomba Yodgor, na Gulsanam mwambie binamu yake mdogo ana kidevu kama chake. Ilhomjon na mama mkwe wanakuamkia. Mungu akutunze kwenye barafu hiyo, akurudishe kwetu ukiwa unatembea kwa miguu yako.

Wako akupendaye,
Zebiniso